CHEMA CHAJIUZA, KIBAYA CHAJITEMBEZA
Ijaribu dawa ya ajabu shambani mwako kabla ya kuisifu au kuilaumu

Kila mwaka mvua ya mwezi wa Machi inapokaribia, wauzaji wa dawa za ajabu huanza kupita katika skimu zetu. Wengine huja siku ya soko na kipaza sauti juu ya gari; wengine hutuma picha kwa simu. Utaonyeshwa mhindi mmoja uliobeba mahindi matatu, au viazi vilivyojaa karai kutoka shina moja. Chupa moja, husema, yatosha ekari nzima. Samadi haina haja tena, mbolea ya dukani haina haja tena, na magunia yatakuwa mara mbili. Nao hukuhimiza ununue leo, maana kesho bei itapanda.

Mkulima afanye nini? Wako wanaonunua papo hapo na kunyunyiza shamba zima. Wako pia wanaocheka na kusema kila kitu kipya ni uongo. Wote wawili wamekata shauri kabla ya kuona ushahidi. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa: kujaribu kidogo, kupima vizuri, kungoja, halafu kusema.

Jambo hili si la mchezo. Fedha za kununulia dawa hiyo ndizo zile zile za karo, za marejesho ya mkopo, na za mbegu. Mkulima akikosea mbolea mwezi wa Aprili hawezi kurudi nyuma mwezi wa Julai. Msimu umepita, na jamaa yake watakula kilichoota.

KITU KIPYA SI LAZIMA KIWE UONGO

Wazee wetu waliopata mashamba katika skimu baada ya mwaka 1962 walikutana na kitu kipya kilichosifiwa sana: mahindi ya haibridi. Lakini mahindi hayo hayakuletwa kwa kipaza sauti. Kazi ya kuyatafuta ilianza Kitale mwaka 1955. Wataalamu walichagua mbegu zilizo bora kutoka mahindi ya hapa Kenya, wakapata mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Kisha waliichanganya na mahindi ya kutoka Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Kila mwaka walipanda vipande vingi, bega kwa bega, wakavuna na kupima. Haibridi ya H611 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964, yaani baada ya miaka tisa, nayo ilizaa takriban asilimia 40 zaidi ya Kitale Synthetic II yenyewe.

Angalia jinsi sifa hiyo ilivyo. Haisemi tu kwamba mahindi haya ni ya ajabu. Inasema yamezidi nini, na kwa kiasi gani. Mkulima aliyepanda mistari michache ya H611 kando ya mbegu yake ya zamani aliweza kuona jambo hilo kwa macho yake. Kitu chema hakiogopi kusimama karibu na mwenzake.

Tena kumbuka habari ya upande wa pili. Kati ya mwaka 2009 na 2011, mradi ulioitwa COMPRO ulichunguza bidhaa zaidi ya 100 zilizokuwa zikiuzwa kwa wakulima wa Kenya, Ethiopia na Nigeria, nyingi zikiwa za kunyunyizia majani, za kurutubisha udongo na za vijidudu vyenye faida. Zilizoonyesha faida ya kweli zilikuwa chache tu. Mojawapo ya hizo chache ni unga wa bakteria wa rizobia, unaopakwa mbegu za soya na mazao mengine ya jamii ya kunde ili yajipatie naitrojeni kutoka hewani. Basi kati ya vitu vingi vinavyotembezwa, vingi ni bure, lakini vingine ni vya kweli. Kwa kuangalia karatasi ya chupa huwezi kuvitenga. Utavitenga kwa kuvijaribu.

CHUPA NDOGO NA HESABU KUBWA

Kabla ya kutoa hata senti moja, fanya hesabu. Ekari moja ikizaa magunia 20 ya mahindi ya kilo 90, hizo ni kilo 1,800. Nafaka hiyo peke yake huondoka shambani na kilo 25 hadi 30 hivi za naitrojeni. Mfuko mmoja wa CAN wa kilo 50 una kilo 13 za naitrojeni, kwa hiyo mifuko miwili ina kilo 26. Sasa ichukue chupa ya nusu lita mkononi. Hata kama yote ingekuwa mbolea tupu bila tone la maji, haifiki kilo moja. Kilo moja haiwezi kufanya kazi ya kilo 26. Muuzaji anayesema chupa hiyo yatosha badala ya mifuko miwili anakuambia jambo lisilowezekana, wala hapo huhitaji kujaribu.

Lakini tusizidishe. Mimea huhitaji pia vitu vingine kwa kiasi kidogo sana, kama zinki na boroni. Ikiwa udongo wako umepungukiwa na zinki, kiasi kidogo kinachonyunyizwa juu ya majani chaweza kuleta tofauti kubwa. Vivyo hivyo pakiti ndogo ya rizobia, kwa sababu bakteria wale ni hai, nao huongezeka wenyewe katika mizizi. Kwa hiyo muulize muuzaji: Ndani mna nini, na kwa kiasi gani? Hufanya kazi kwa njia gani? Akijibu kwa maneno yanayoeleweka, dawa yake yastahili kujaribiwa. Akisema ni siri, siri hiyo na abaki nayo.

KWA NINI USHAHIDI WA JIRANI HAUTOSHI

Mtu husimama sokoni akasema, “Mwaka jana nilivuna magunia 12, mwaka huu nimenyunyiza dawa hii nikavuna 18.” Mtu huyo hasemi uongo. Lakini je, mwaka huu mvua ilikuwa sawa na ya mwaka jana? Alipanda tarehe ile ile? Alipalilia mara moja au mara mbili? Mara nyingi anayenunua dawa mpya huwa pia ametia bidii mpya: amelima mapema, amenunua mbegu safi, na hupita shambani kila jioni. Mavuno huongezeka, na sifa zote hupewa chupa. Dawa nyingi za ajabu zimejengwa kwa sifa za mvua.

Jambo la pili ni rangi. Naitrojeni kidogo juu ya jani hufanya shamba liwe kijani kibichi kwa siku chache, na jicho hufurahi. Lakini hatuli majani ya mahindi. Shamba laweza kuwa kijani zaidi mwezi wa Juni na kutoa magunia yale yale mwezi wa Novemba. Dawa isipimwe kwa jicho, ipimwe kwa mizani.

Jambo la tatu linatuhusu hasa sisi wa skimu. Mashamba yetu mengi yalikatwa kutoka mashamba makubwa ya zamani. Katika ekari zako tano huenda pana mahali palipokuwa boma la ng'ombe miaka mingi iliyopita, na pengine palipita barabara ya trekta au mstari wa miti. Mahali pa boma mahindi hustawi bila dawa yo yote. Mahali pa barabara hudumaa hata ukiweka mbolea. Mtu akinyunyiza dawa upande wa boma la zamani na kuacha upande wa barabara, amepima boma, hakupima dawa.

NAMNA YA KUFANYA JARIBIO

Kazi hii haihitaji chuo. Inahitaji kamba, vigingi, daftari, mizani, na uvumilivu. Fuata hatua hizi:

1. Chagua sehemu ya shamba iliyo sawa. Kaa mbali na kichuguu, boma la zamani, kivuli cha miti, njia, na mahali maji yanaposimama.

2. Pima vipande sita, kila kimoja mita 12 kwa mita 12. Vyote pamoja ni zaidi kidogo ya sehemu ya tano ya ekari. Viweke viwili viwili, bega kwa bega, ili upate jozi tatu.

3. Katika kila jozi, rusha senti. Ikiangukia kichwa, kipande cha kushoto kitapata dawa. Isipoangukia kichwa, cha kulia. Usichague mwenyewe, kwa sababu mkono wako utakipa dawa kipande kilicho kizuri bila wewe kujua.

4. Vipande vyote vipate mambo yale yale: mbegu moja, siku moja ya kupanda, nafasi moja, mbolea ile ile, palizi ile ile. Tofauti iwe moja tu, nayo ni dawa. Ukinyunyiza dawa upande mmoja, nyunyiza maji matupu upande wa pili, kiasi kile kile. Vinginevyo, wakati wa kiangazi hutajua kama kilichosaidia ni dawa au maji.

5. Andika kila kitu katika daftari: tarehe ya kupanda, ya kunyunyiza, ya kupalilia, siku za mvua, na gharama zote pamoja na kazi ya mikono. Kilichoachwa katika kumbukumbu hubadilika kila kinaposimuliwa.

6. Wakati wa kuvuna, acha mita moja pembeni kila upande, maana mimea ya ukingoni huathiriwa na jirani yake. Vuna mita 10 kwa mita 10 za katikati. Pukuchua, kausha vizuri, halafu pima. Usipime mahindi mabichi ya kipande kimoja na makavu ya kingine.

7. Anayepima asijue ni kipande gani kilichopata dawa. Andika nambari tu juu ya magunia, na siri ya nambari ikae katika daftari.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini kuficha? Je, tunadhaniwa kuwa wadanganyifu? Hapana. Sababu ni kwamba moyo unaotumaini huvuta mkono. Huko Rothamsted, Uingereza, kituo ambacho kimefanya majaribio ya ngano katika shamba la Broadbalk tangu mwaka 1843, alifanya kazi mtaalamu wa hesabu aliyeitwa Ronald Fisher. Katika miaka ya 1920 bibi mmoja wa kituo hicho, Muriel Bristol, alidai kwamba akionja chai aweza kutambua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ilitangulia. Fisher hakubishana naye. Jaribio alilolieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1935 ni hili: vikombe vinane vitengenezwe, vinne kwa namna moja na vinne kwa namna nyingine, vichanganywe bila utaratibu, kisha mwonjaji aambiwe atenge. Kwa kubahatisha tu, kuvitenga vyote sawasawa hutokea mara moja katika 70. Basi akivitenga vyote, neno lake lina uzito. Mwenye dawa ya ajabu naye apewe nafasi hiyo hiyo: asikatazwe kudai, lakini dai lake lionjwe bila kuambiwa jibu.

KUSOMA MATOKEO

Kilo ulizopata katika kipande cha mita 10 kwa 10, zizidishe kwa 40 upate kilo za ekari, halafu gawanya kwa 90 upate magunia. Kilo 45 katika kipande ni kilo 1,800 kwa ekari, yaani magunia 20.

Tutoe mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Jozi ya kwanza: penye dawa kilo 46, pasipo dawa kilo 41. Jozi ya pili: penye dawa 39, pasipo dawa 42. Jozi ya tatu: penye dawa 44, pasipo dawa 40. Ukichukua wastani, dawa ina kilo 43 na pasipo dawa 41. Muuzaji angepiga picha jozi ya kwanza na kuiacha ya pili. Lakini wewe unaona kwamba mara moja dawa imeshindwa, na vipande vyenye dawa vyenyewe vimetofautiana kwa kilo saba. Kilo mbili katikati ya tofauti kubwa namna hiyo hazikuambii kitu.

Sasa tuseme matokeo ni 50 kwa 41, 51 kwa 42, na 49 kwa 40. Hapa kila jozi dawa imezidi kwa kilo tisa, ambazo ni kilo 360 kwa ekari, au magunia manne. Hilo lastahili kuangaliwa. Kisha hesabu fedha. Tuseme gunia ni shilingi 3,000. Magunia manne ni shilingi 12,000. Ikiwa dawa na kazi ya kunyunyiza ni shilingi 4,000 kwa ekari, umebakiwa na 8,000. Lakini jiulize swali moja zaidi: Je, hizo shilingi 4,000 zingenunua mbolea ya kawaida, zingeleta magunia mangapi? Mwenye nafasi na aongeze kipande cha tatu katika kila jozi, kipewe mbolea ya kawaida ya thamani ile ile. Mara nyingi dawa ya ajabu hushinda kipande kitupu, lakini hushindwa na samadi iliyooza vizuri.

KWA NINI MSIMU MMOJA HAUTOSHI

Dawa isiyo na kazi yo yote ni kama senti inayorushwa: mara itaanguka upande wako, mara upande mwingine. Kushinda jozi zote tatu kwa bahati tu hutokea mara moja katika nane. Hiyo si ajabu kubwa. Katika skimu yenye wakulima mia wakijaribu dawa ile ile isiyofaa, kumi na wawili hivi wataona imeshinda mara tatu, nao ndio watakaoitwa kutoa ushahidi sokoni. Rudia msimu wa pili, ziwe jozi sita. Kushinda zote sita kwa bahati hutokea mara moja katika 64. Ndiyo sababu kungoja kuna faida: bahati huchoka, ukweli hauchoki.

Kungoja huilinda pia dawa njema isilaumiwe bure. Chokaa katika udongo wenye uchachu yaweza kuonyesha nguvu zaidi msimu wa pili kuliko wa kwanza. Samadi nayo hutoa chakula chake polepole. Mwaka wa ukame hata mbolea bora haionyeshi kazi yake. Mtu aliyetupa chokaa baada ya miezi mitatu kwa sababu hakuona kitu, amekosa haki kama yule aliyesifu chupa baada ya wiki mbili.

ZA NG'OMBE PIA

Ziko poda zinazosemekana kuongeza maziwa. Hapa kosa ni rahisi zaidi, kwa sababu maziwa hupanda baada ya kuzaa na hushuka yenyewe baadaye, tena huongezeka majani mabichi yanapoota. Ng'ombe mmoja si jaribio. Ukiwa na ng'ombe wanne waliozaa karibu wakati mmoja, wape wawili poda kwa wiki tatu na wawili usiwape, kisha badilisha. Pima maziwa asubuhi na jioni, andika lita. Lakini usiache josho, chanjo wala matibabu ili kujaribu poda. Na kitu cho chote cha kulishwa ng'ombe wa maziwa, muulize kwanza daktari wa mifugo, kwa sababu maziwa hayo yananywewa na watoto.

ZISIZOFAA HATA KUJARIBIWA

Dawa ya kuua wadudu, magonjwa au magugu isiyo na nambari ya usajili ya PCPB katika karatasi yake, usiinunue hata ya kipande kimoja. Hiyo ni sumu usiyoijua. Mbegu nazo, angalia kibandiko cha KEPHIS: kwangua, tuma nambari iliyofichwa kwa ujumbe wa simu kwenda 1393, nawe utajibiwa. Nunua katika duka lenye mahali panapojulikana, daima upewe risiti, na uhifadhi mfuko mtupu pamoja na kiasi kidogo cha kilichomo mpaka uvune.

Shauri hilo la risiti si la bure. Mwaka 2024 ilipatikana nchini mbolea bandia hata katika ile iliyouzwa kwa ruzuku ya serikali, na wakulima walioinunua wakaahidiwa fidia. Mwenye risiti alikuwa na la kuonyesha. Basi muhuri ni mwanzo wa ulinzi. Macho yako na daftari lako ndiyo yanayoukamilisha.

WAKATI WA KUSEMA

Jirani yako akikuuliza, “Dawa ile wasemaje?” kumbuka kwamba neno lako ni kama mkono ndani ya mfuko wake. Ukisema ni nzuri, atanunua. Ukisema ni mbaya, ataacha. Kabla ya kupata matokeo, jibu lililo la heshima ni hili: “Bado ninaijaribu, njoo uone vipande.” Baada ya misimu miwili, mweleze yote: ulipanda lini, mvua ilikuwaje, jozi ngapi zilishinda na ngapi zilishindwa, na ulitumia shilingi ngapi. Mwonyeshe daftari. Na ikiwa muuzaji alikupa chupa bila malipo, hilo nalo liseme wazi.

Kazi hii huwa nyepesi ikifanywa na kikundi. Wakulima sita wa skimu moja, kila mmoja akiwa na jozi moja tu, wanaweza kupata katika msimu mmoja jozi sita katika udongo mbalimbali, na hasara ikiwapo itagawanyika. Mwiteni bwana shamba awasaidie kupima vipande kabla mvua haijaanza, kisha mwiteni tena siku ya mizani. Na muuzaji wa dawa naye aalikwe. Mwenye kitu chema atakuja.